Wanawake wa Paris Ndani ya Saluni ya Agnès

"Toa kidole! Kidole yako mi sitakula!"

Soko zima la Yeoville, mjini Johannesburg, lilisikia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, baridi ya Juni inakausha midomo, na muuza unga wa muhogo alikuwa anapima kikombe huku dole gumba lake limezama ndani. Mteja wake alikuwa mwanamke mrefu, kitenge cha kijani chini, koti zito la kiume juu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Huyo hakuja kuonewa.

"Nimetoa, mama!"

"Umetoa nusu. Jaza tena. Na usitingishe, nakuona."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuwapita wote ni kijana mwembamba aliyesimama penye meza ya ndizi, amevaa vipokea sauti masikioni, mkononi kashika maikrofoni iliyovikwa manyoya ya kuzuia upepo. Jina lake Suhaib, mtoto wa Tanga, mwanafunzi wa filamu chuoni kule Braamfontein. Alikuja kurekodi kelele za soko, akapata hiyo.

Mwanamke akamgeukia. "Na wewe! Ile kitu ya manyoya ni ya nini? Uko naiba sauti yangu?"

"Siibi, dada. Narekodi soko tu."

"Kwani mi niko soko?"

"Kwa leo, dada yangu, soko ni wewe. Hawa wengine wamekuja kununua tu."

Mwanamke akauma mdomo ili asicheke. "Futa."

"Nitafuta, wallahi. Ila nisikilize kwanza." Akamweleza mbiombio, kabla hajaondoka. Anatengeneza filamu fupi ya historia, dakika kumi na tano, kwa Kiswahili, kuhusu mapinduzi ya Ufaransa. Siyo mapinduzi yote. Ni ile siku wanawake wa sokoni Paris walipochoka kukosa mkate wakaenda kumfuata mfalme kwao. Picha anazo. Msimuliaji hana. Amejaribu watu watano na wote wanasoma utadhani wanatangaza msiba.

"Le cinq octobre, tarehe tano Oktoba," mwanamke akamkatiza. "1789. Mvua iliwanyeshea njia yote, saa sita za kutembea, na mizinga wakaikokota. Kesho yake wakamurudisha mufalme Paris, na bibi yake malkia, na mutoto. Wakawapatia jina: mutengeneza mikate, bibi ya mutengeneza mikate, na mutoto ya mutengeneza mikate. Ile walikufundisha?"

Suhaib akavua vipokea sauti. "Umejuaje wewe?"

"Nilikuwa mwalimu wa histoire, kwetu Bukavu. Miaka ine." Akaufunga mfuko wake wa unga. "Sasa niko nasuka nywele kwa Agnès, pale chini."

Lile neno mwalimu alilitamka polepole, na macho yake hayakuwa kwa Suhaib tena. Aliitwa Léocadie.

Sasa nikwambieni kitu kimoja kuhusu Léocadie. Alikuwa na miaka saba Johannesburg, na kwa miaka hiyo saba alijifunza kunyamaza. Ndani ya teksi alifungua mdomo mara moja tu, kumwambia dereva amshushe baada ya robot, yaani taa za barabarani, tena kwa sauti ya chini. Lafudhi humtangaza mtu, na katika mji huu kutangazwa kuna siku hugharimu meno. Jioni alirudi chumbani kwake, akapika ugali wa mtu mmoja, akaosha sahani moja. Sokoni tu, kati ya Wakongo wenzake, ndipo alipopiga kelele, na huenda ndiyo maana alizipiga kwa nguvu vile.

Suhaib naye hakuwa na nafuu kubwa. Ramadhani iliyopita alifuturu siku thelathini peke yake, simu ameiegemeza kwenye birika ili aione sura ya mama yake. Kwa hiyo Léocadie alipokubali kusimulia, akasema, "Kuja Jumapili saa nane, nikitoka misa," kijana alifika saa saba.

Walirekodi kwenye chumba cha nyuma cha saluni. Suhaib alitundika mablanketi ukutani kuua mwangwi, na mabunda ya rasta yakamaliza kazi. Léocadie alivua koti. Ndani alivaa blauzi nyeupe ya misa yenye mikono ya puto, na hereni ndogo za dhahabu. Akaisoma karatasi aliyoandika Suhaib kwa Kiswahili chake cha Bukavu, mkono mmoja unapaa hewani kana kwamba ameshika chaki, na wale wanawake wa Paris wakainuka wakatembea.

Mafundi wa sauti wana desturi yao. Wakimaliza maneno hurekodi dakika moja ya chumba chenyewe, bila mtu kusema kitu, ili baadaye wazibie mapengo. "Sasa usiseme, usijitikise," Suhaib alimwambia. "Dakika moja tu."

Walikaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana. Dakika ile ilikuwa ndefu. Mara ya mwisho Léocadie kunyamaza na mtu, badala ya kunyamazia watu, hakuikumbuka. Ilipokwisha alisema, "Rudia. Nilipumua."

"Hukupumua."

"Nilipumua, mi najua. Rudia."

Wakarudia mara tatu. Mjinga tu ndiye angedhani walikuwa wanatafuta sauti nzuri.

Baada ya hapo simu haikulala.

"Mwalimu, umeamka?"

"Mwalimu ameamka. Mwanafunzi amekunywa chai?"

"Chai ipo, sukari hakuna. Sukari yangu iko Yeoville."

"Eish, Suhaib! Nani alikufundisha huo uongo?"

"Kwetu Tanga huzaliwa nao."

"Basi ukuje na uongo yako, chéri, nimekupikia sombe, ile majani ya muhogo. Na uvae sweta, usijifanye haiko baridi."

Alipenda kuitwa mwalimu. Alimwambia waziwazi, siku wakipanda mtaa wa Rockey mkono kwa mkono: "Ukiniita vile, nasikia sawa vile mutu amenifungulia mulango." Suhaib akaubusu mkono wake palepale mbele ya spaza, kiduka cha Mhabeshi, na Mhabeshi akawapigia makofi.

Mwezi Agosti Suhaib aliipeleka filamu kwa Dokta Burhani. Huyu ni Mtanzania mwenzake, mhadhiri, na ndiye aliyekuwa anachagua filamu za Kiswahili zitakazoonyeshwa hadharani chuoni. Burhani aliitazama mpaka mwisho, kisha akajifuta miwani.

"Picha safi, bwana. Kazi nzuri. Ila huyu mama..." Akacheka. "Kiswahili gani hiki? 'Mufalme', 'mutengeneza mikate'? Watu watavunjika mbavu. Wewe umeleta historia au vichekesho?"

"Lakini Dokta, ndiyo sauti ya soko hasa."

"Mweke Nasra. Amezaliwa Unguja, Kiswahili chake kimenyooka. Ukiniletea na Nasra, imepita. Ukiniletea na huyu, sikuahidi kitu."

Suhaib angeweza kukataa. Tatizo ni kwamba ndani yake kulikuwa na mtoto wa Tanga aliyekua akiwaigiza Wakongo barazani ili wenzake wacheke, na mtoto yule alimwelewa Burhani vizuri sana. Siku tatu zikatosha. Nasra akaja, akasoma, akaondoka. Sauti ya Léocadie ikatolewa neno baada ya neno.

Suhaib alijaribu kumwambia kwa simu.

"Laazizi, kuna jambo..."

"Sema upesi, niko na kichwa ya mutu mikononi."

"Basi, kasuke. Nitakuambia."

Siku ya pili: "Mwalimu, ile filamu..."

"Usinisimulie! Nataka nisikie na watu. Nimealika batu tisa, Suhaib. Agnès anafunga saluni! Tumeshona sare."

Hapo ndipo mimi ningemzaba kibao. Alichojibu ni hiki: "Mtapendeza sana."

Walipendeza kweli. Jumamosi moja ya Septemba walishuka kwenye basi Braamfontein wanawake kumi, wote kitenge kimoja cha njano chenye maua ya buluu, vilemba vimesimama, viatu vya kisigino, wananukia manukato. Ukumbi ukageuka kuwatazama. Léocadie akakaa mstari wa mbele. Agnès, mnene, mcheshi, mwenye saluni yake, alimminya paja. "Leo tutakusikia, Léo."

Taa zikazimwa. Ngoma ikalia, mvua ikanyesha, nyayo zikakanyaga matope. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusimulia, nyororo, imenyooka.

"Ni wewe?" Agnès alinong'ona.

"Hapana."

"Utakuja mbele?"

"Ngoja."

Akangoja dakika kumi na tano. Alingoja wanawake walipofika kwa mfalme, akangoja waliporudi. Mwishoni kabisa, katika orodha ya shukrani, kwa herufi ndogo, jina lake lilipita: Léocadie, Yeoville. Watu wakapiga makofi. Mikono yake mwenyewe ilibaki mapajani, na wanawake tisa hawakujua wamtazame wapi.

Suhaib alimkuta nje kando ya barabara, wenzake wamesogea pembeni.

"Léo, nilitaka kukuambia."

"Tuliongea simu kila siku, Suhaib. Kila siku."

"Walisema watu watacheka."

"Na weye? Weye ulisema nini?"

"Burhani ndiye..."

"Mi minajua kucheka ya batu," Léocadie alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Suhaib. "Mu teksi nanyamaza. Mu duka nanyamaza. Pale banaangalia makaratasi yangu, nanyamaza. Nilijiambia, mu hii muji yote ni pahali pamoja tu naweza kusema, kwako. Kumbe na weye ulikuwa unataka ninyamaze."

"Mpenzi..."

"Usiniite tena mwalimu," alisema, ingawa hakuwa ameitwa hivyo.

Wakapanda basi la kurudi, njano kumi. Suhaib akabaki na pongezi za Burhani, aliyekuwa anampigapiga bega na kumwambia filamu imechaguliwa kwenda tamasha.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Alituma ujumbe, ukasomwa, ukaachwa. Wiki ikapita, kisha ya pili. Sauti za watu wengine zilimchosha. Chakula alikula akiwa amesimama. Jamani, upweke wa mtu aliyeachwa kwa haki ni mchungu, maana hana hata wa kumlaumu. Na usidhani Yeoville kulikuwa na raha. Léocadie alisuka, akarudi, akapika, akaosha sahani yake moja. Simu ikilia alihesabu mlio mpaka ukate, kisha akakaa nayo mkononi muda mrefu. Hata sokoni sasa muuza unga aliweza kutia kidole kizima, yeye akanyamaza. Agnès aliliona hilo, likamtia hofu kuliko machozi.

Mwanzoni mwa Oktoba, Jumatano mchana, Suhaib aliingia saluni akaketi kwenye benchi la wateja.

"Unataka tukusuke?" Agnès aliuliza. "Hiyo nywele yako haitoshi hata rasta moja."

"Nimekuja kungoja, dada Agnès."

"Ngoja basi. Foleni ni ndefu."

Alingoja saa tatu, mkoba wa kompyuta mapajani. Léocadie alisuka vichwa viwili bila kumtazama. Hatimaye akasema, mgongo kwake, "Sema, uende."

"Nimemwambia Burhani filamu siipeleki tena tamasha. Nafasi imepotea, na sikuja kukudai shukrani kwa hilo. Nimeirudisha sauti yako."

"Sitaki."

"Léo..."

"Ile nilikuwa nasoma karatasi yako. Uliandika weye, nikasoma mi, ukafuta weye. Yangu iko wapi?"

Suhaib akafikiri. Kisha akasema kitu cha akili, cha kwanza tangu Agosti. "Kwetu Tanga, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na vibanda vya video. Filamu inakuja na lugha yake, mwenye kibanda anazima sauti, anakaa mtu na maikrofoni anaisimulia yote pale pale, mbele ya watu, anavyotaka yeye. Tulimpenda kuliko waigizaji. Hakuwa na karatasi."

Mikono ya Léocadie ikasimama kichwani mwa mteja.

"Televisheni ile pale," Suhaib alisema. "Maikrofoni ninayo. Nitazima sauti yote. Mimi nitakaa hapa kwenye benchi."

"Na mimi nikae hivi, nusu kichwa?" mteja akalalamika.

"Utakaa," Agnès alimjibu. "Léo, simama."

Alisita. Alifuta mikono kwenye aproni, akaichukua maikrofoni, akaigeuzageuza. Picha zikaanza kupita kwenye televisheni juu ya kioo, kimya. Akakohoa.

"Musikilize," alisema. "Ile siku, Paris, asubuhi, hakukuwa mukate."

Lo! Sauti ilirudi yote. Aliwaambia kuhusu mama aliyeamka na watoto wanne na kabati tupu, kuhusu wauza samaki waliokunja mikono ya nguo, kuhusu matope, kuhusu mfalme aliyekuwa amekwenda kuwinda wakati watu wana njaa. Wateja wakaitikia. Wapita njia wakasimama mlangoni. Ilipofika pale wanawake wanamrudisha mfalme, Agnès akapiga kigelegele, na filamu ikaisha. Léocadie hakuishusha maikrofoni.

"Haiko mwisho," aliwaambia. "Hapa yeye alikata. Miaka ine kisha pale, wale wanaume wa mapinduzi wakakataza vyama vya wanawake. Wakawaambia murudi nyumbani, munyamaze. Bale bale walitembea mu mvua. Andikeni."

Hakuna aliyekuwa na daftari. Ila chumba kizima kilinyamaza kwa mwalimu, na Suhaib kwenye benchi alikuwa analia bila kujificha.

Walitoka wakasimama kwenye ngazi ya mlango. Jua la alasiri, mijakaranda imeanza kumwaga maua barabarani, mtu anapiga honi kwenye robot.

"Nataka nikuoe," Suhaib alisema.

"Yule alinitoa mu filamu, ndiye anataka kunitia mu nyumba?"

"Ndiye huyo huyo."

"Tanga banajua mi niko?"

"Wanajua nina rafiki."

"Ile rafiki anasema Kiswahili namna gani?"

Suhaib akaitoa simu mfukoni.

"Piga simu," Léocadie alisema. "Mama yako. Sasa. Nitaongea vile naongeaka. Ukinisaidia neno moja, Suhaib, moja tu, narudi ndani, na hapa usikuje tena. Nimemaliza."

Alimwona hatanii. Akabonyeza, akaweka spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?" Ilikuwa sauti ya Bi Ummi, mama yake, nzito na ya taratibu.

"Nimekula. Mama, kuna mtu nataka umsikie. Ndiye ninayetaka kumuoa."

"Nani huyo? Wa wapi?"

"Yuko hapa. Atakuambia mwenyewe."

Léocadie akasogea. "Jambo, mama. Habari ya masiku mingi?"

Kule Tanga Bi Ummi aliitoa simu sikioni, akaikodolea macho, akairudisha. Jambo, kwao, ni ya kuwasalimia watalii. "Nani mwenzangu? Sikupati vizuri."

Suhaib alifungua mdomo. Maneno yote sahihi yalikuwa pale ulimini, shikamoo, salamu za adabu, visingizio. Akaufunga.

"Mi naitwa Léocadie, mama. Natoka Bukavu, Kongo. Mi haiko muislamu, niko mukatolika. Niko nasuka nywele, mbele nilikuwa mwalimu. Mutoto yako ananipenda. Na mi namupenda, lakini aliniumiza, na sijamusamehe yote."

"Kakuumiza?" Sauti ya Bi Ummi ikapanda. "Suhaib! Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Suhaib akamsogezea Léocadie simu.

"Mama, nitakuambia mi mwenyewe."

Bi Ummi akavuta pumzi. "La dini ni zito, tutalizungumza. Kwanza niambie, mwanangu. Wewe mtoto wa nani? Mama yako nani?"

Katika mji huu waliwahi kumuuliza Léocadie makaratasi. Waliwahi kumuuliza nchi yake, na atarudi lini. Hili hakuna aliyemuuliza. Akashika ukuta wa saluni.

"Mama yangu ni Nabintu," alisema. "Aliuzishaka sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa, ku soko ya Kadutu. Alikuwa na makelele mingi. Alikufa mi niko huku. Sikumuzika."

"Nabintu," Bi Ummi alirudia, kwa uangalifu, asiliharibu. "Mungu amrehemu. Haya, kaa kitako, unieleze alikuwa mtu wa namna gani. Na huyu wangu kafanya nini. Maneno mengine yananipita, lakini usiyabadilishe. Nikipotea nitakuuliza."

Léocadie akaketi kwenye ngazi, akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaanza kusimulia. Suhaib alibaki amesimama, ameshika simu kati yao. Hakuwa ameambiwa kama amesamehewa, naye hakuuliza.